Hell's Gate kwa baiskeli na kwa miguu: anza kupanga na safari ya kurudi

Kitu cha kwanza cha kujua kuhusu Hell's Gate, hifadhi ya taifa kule Naivasha, ni kwamba barabara ya kutoka geti la Elsa kwenda kule kwa korongo inateremka. Si mteremko wa kutisha, ni ule wa polepole ambao macho hayauoni, unapiga pedali kidogo baiskeli inajiendea yenyewe, punda milia upande huu, ukuta wa mwamba upande ule, unasimama unapiga picha, unajiambia kumbe bado niko fiti. Alafu saa nane mchana unageuza baiskeli na ile barabara iliyokubeba asubuhi inaanza kukudai kila mita.

Kila nikienda jioni naona kitu kilekile. Watu wanasukuma baiskeli, midomo imekauka, chupa ya maji tupu imening'inia kwa usukani, hakuna anayeongea na mwenzake. Na si wazee, ni vijana wa gym kabisa. Shida yao ni moja, walipanga safari ya kwenda, ya kurudi wakaiachia Mungu. Kwa hivyo maelezo yote ya hapa chini yanaanzia hapo, ukipanga chochote jiulize kwanza, hii itanikuta wapi nikirudi?

Kwa asiyejua, hifadhi hii iko kusini mwa Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, ilitangazwa mwaka 1984 na ni ndogo tu, kilomita za mraba 68 na kitu. Udogo wake ndio raha yake. Ni mojawapo ya hifadhi chache Kenya ambapo unaruhusiwa kuingia bila gari, kwa miguu ama kwa baiskeli, maanake ndovu hawako na wanyama wakubwa wanaowinda wenzao ni wachache, chui wapo lakini huyo utabahatika sana kumwona.

Kufika si kazi. Matatu za Naivasha zinatokea upande wa River Road na Nyamakima, ni masaa mawili hivi kama barabara haijakwama. Naivasha town unabadilisha, unapanda zile zinazofuata Moi South Lake Road kwenda Kamere ama Kongoni, unamwambia konda akushushe junction ya Hell's Gate, na hapo utakuta baiskeli zimepangwa zinakungoja. Kutoka junction mpaka getini ni kama kilomita 2.

Lakini ushauri wangu, kama unaweza, usitoke Nairobi asubuhi hiyohiyo. Lala Naivasha. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na linafungwa saa kumi na mbili jioni, na mtu aliyetoka Nairobi alfajiri, akapata chai, akabadilisha matatu, akabishania bei ya baiskeli, anaingia saa nne na nusu jua likiwa tayari limepanda. Aliyelala karibu na ziwa anaingia saa kumi na mbili na nusu na sweta, wanyama bado wako barabarani, na saa nne hiyo ameshamaliza nusu ya kazi. Pale ni karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari kwa hivyo asubuhi kuna baridi ya kweli, na mchana jua linachoma hata kama husikii joto kwa sababu ya upepo. Watu huchomeka shingo na nyuma ya mikono bila kujua. Beba kofia yenye ukingo na shati la mikono mirefu.

Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali ya kulipia huduma, si pesa taslimu. Lipia usiku ukiwa na intaneti nzuri, usingoje mpaka ufike getini ambapo mko watu ishirini mnatafuta netiweki na simu zimeinuliwa juu kama mnaombea mvua. Bei hubadilika na inategemea wewe ni raia, mkazi ama mgeni, iangalie hapohapo siku unalipa, na ubebe kitambulisho maana watakiuliza.

Sasa tuongee baiskeli. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo siku inaharibikia.

Mara yangu ya pili kwenda nilikodi baiskeli hapo nje kwa kijana mmoja mchangamfu sana. Nikamuuliza, gia zinafanya? Akaniambia, "Boss, hii iko sawa kabisa, juzi kuna mzungu alienda nayo mpaka Olkaria na akarudi." Sikumuuliza alirudi vipi. Kwenda ilikuwa raha, nani anahitaji gia kwa mteremko. Kurudi nikabonyeza gia nyepesi, ikalia krrr, cheni ikaruka meno, ikarudi kwa ile nzito, nikajaribu tena, cheni ikatoka kabisa. Nimerudisha cheni ile mara sita, mikono imejaa grisi na vumbi mpaka kwa viwiko, mara ya saba nikaacha nikasukuma. Kilomita kama 5 za kusukuma chuma kwenye jua, na ngiri wamesimama kando ya barabara wananitazama kama wamelipa kiingilio.

Tangu siku hio nakagua baiskeli kama mtu ananunua ng'ombe. Inua gurudumu la mbele uzungushe, litazame likipita kwa breki, likiyumba kushoto kulia hio rimu imepinda, fanya hivyo na la nyuma. Finya breki kwa nguvu, ukiona kishikio kinagusa usukani kabla gurudumu halijashika, kataa ama kaza waya hapohapo. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, iwe ngumu lakini si jiwe, kwenye mchanga tairi iliyojaa sana inateleza na iliyolegea inakumaliza nguvu. Alafu gia, na usizijaribu ukiwa umesimama, baiskeli yoyote inabadilisha gia vizuri ikiwa haijabebwa mtu. Panda, tafuta kamlima hata kadogo, anza kukanyaga kwa uzito wako wote ndio ubadilishe kwenda ile nyepesi kabisa. Ikiruka, shuka uchague nyingine. Mwenye baiskeli atanuna kidogo, mwache anune.

Na kiti. Watu huendesha kiti kikiwa chini sana alafu wanalia magoti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Kaza nati ya kiti na uitingishe. Kama kuna uwezekano itisha pampu, tyubu moja ama viraka na gundi, na uchukue namba ya simu ya mwenyewe, wengine wanakuja na pikipiki ukipata pancha. Mkikodi wengi pamoja bei inashuka, ongeeni kabla ya kuingia na muelewane kama ni kwa saa ama kwa siku nzima. Siku nzima ndio salama, hutaki kukimbizana na saa ukiwa huko ndani.

Maji lita 3 kwa kila mtu. Najua ni mazito. Lita moja kati ya hizo funga mbali chini ya begi na usiiguse mpaka umegeuka kurudi, hio ni ya kurudi na ina kazi yake.

Ukishapita geti la Elsa (ndio, ni yule simba jike wa kitabu cha Born Free, Joy Adamson aliyemlea na kukiandika aliishi hapa kando ya ziwa pale Elsamere) mbele yako kidogo tu utaona nguzo ya mwamba imesimama peke yake. Hio ni Fischer's Tower, mita 25 hivi, ni uji wa volkano ulioganda ndani ya shingo ya mlima alafu mlima wenyewe ukaliwa na mvua na upepo ikabaki koo. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa 1883. Wamaasai wana yao, wanasema ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka. Mimi nikirudi jioni nikiwa hoi nikiiona hio nguzo huwa namwelewa sana huyo binti. Chini yake kuna pimbi kibao, wazoefu kabisa, watakuja mpaka kwa viatu vyako kuomba. Usiwape chakula, na begi lisiwe wazi, kwa sababu pimbi akizoea ni kero lakini nyani akizoea ni jambazi. Sehemu za kupumzikia nyani wanajua kabisa begi linafunguliwa vipi, ndizi usiitoe hadharani.

Kutoka hapo unafuata bonde katikati ya kuta, karibu kilomita 8 kutoka getini mpaka mahali pa kuegesha karibu na korongo. Barabara ni vumbi la majivu ya volkano, sehemu nyingine imekunjana kama bati, sehemu nyingine mchanga mwingi. Kwa bati simama kidogo kwa pedali, legeza viwiko, usishike usukani kama unamnyonga mtu. Kwa mchanga peleka uzito nyuma, endelea kukanyaga na usiguse breki ya mbele, ukiigusa utaenda kusalimia ardhi. Ukiona gari linakuja simama kando, vumbi lake litakupofusha nusu dakika na hujui nani anakuja nyuma yake.

Wanyama. Punda milia, swala, kongoni, twiga, ngiri, hao wote wakikuona kwa baiskeli wanasogea wenyewe. Punguza mwendo, usikate katikati ya mama na mtoto, usiwafukuzie picha. Wa kuheshimu ni nyati. Kundi la nyati likivuka barabara simama mbali kabisa, mita 100 si nyingi, shuka, ongea kwa sauti ya kawaida ili wajue uko wapi, ngoja. Hata kama ni dakika ishirini. Yule wa hatari zaidi ni dume mzee aliye peke yake kichakani, huyo hana haraka na hana kundi la kumtuliza, ukimwona amekuinulia kichwa anakukazia macho rudi nyuma polepole na utafute gari la kukusindikiza. Usijaribu kumpita kwa kasi, baiskeli kwa mchanga haina kasi.

Kuna njia nyingine inaitwa Buffalo Circuit, kama kilomita 14, inapanda juu ya bonde na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote maana huku juu hakuna watu, unaliona bonde lote na ukiwa na bahati unaona pofu, yule swala mkubwa kabisa. Lakini inapanda kwelikweli na jina lake halikutolewa bure. Ifanye wakati wa kwenda, asubuhi, kabla ya saa mbili uwe umeshaianza, alafu urudi kwa barabara kuu. Usiwahi kukubali mtu akwambie "turudi na ile ya juu" saa tisa mchana.

Haya, korongo lenyewe, Ol Njorowa. Baiskeli unaiacha juu hapo kwa askari wa hifadhi, ifunge, mengine yote ni miguu na mikono. Viatu vya kufunga vyenye meno, sendo hapana, kuna mahali unateremka kwa kushika mwamba na mawe yana utelezi.

Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili la leo, na lilipojaa lilimwagika kuelekea kusini kupitia hapa, maji hayo ndiyo yaliyochonga hizi kuta. Leo ziwa halina mto unaoonekana ukitoka, maji yanapenya chini kwa chini na ndio sababu yamebaki matamu. Kwa hivyo ukiwa ndani ya korongo umesimama kwenye mlango wa zamani wa ziwa. Kuna sehemu kuta zimekaribiana mpaka anga ni uzi, na kuna sehemu maji yanachuruzika kutoka kwa mwamba yakiwa moto, mengine ya kuunguza kabisa, usipeleke mkono kabla hujauliza.

Sasa umbo hilohilo zuri ndilo linaloua. Ni bomba. Mvua ikinyesha huko juu, mbali, maji yote yanakusanyika kuja kupita hapo hapo uliposimama, na wewe juu yako anga ni bluu. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kundi la kanisa humo ndani, na Septemba 2019 yakaua tena watu saba, wakiwemo watalii na aliyekuwa anawaongoza. Kwa hivyo, moja, usiingie bila muongozaji wa pale, wako vijana wa Kimaasai wanaojua kila tundu, na kabla hamjaanza mwambie akuonyeshe njia za kutokea kwa dharura ziko wapi, na mkizipita zihesabu. Mbili, muulize askari, jana na leo mvua imenyesha upande gani? Uliza hivyo hasa, ukimuuliza "ni salama?" utajibiwa ndio ama hapana, ukimuuliza kuhusu mvua mtaanza kuongea. Tatu, korongo hufungwa lote ama sehemu kulingana na hali, ukiambiwa limefungwa limefungwa, usitafute mtu wa kukupitisha kwa nyuma. Kuna mahali pa kulitazama ukiwa juu na si haba. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Desemba, mimi mwenyewe naishia juu. Na mkiwa ndani maji yakibadilika rangi, ama mkasikia mvumo, hakuna kumaliza video, pandeni.

Olkaria iko mbele zaidi, ile sauti ya ndege inayotaka kuruka ni mvuke wa visima vya jotoardhi. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, na ndio wa kwanza wa kibiashara wa aina hio Afrika. Mabomba yamepita kila mahali, kwingine yameinuliwa twiga wapite chini. Kuna na bwawa la maji moto la kuogelea, zuri, lakini kulifikia ni kupanda na kiingilio chake ni tofauti, kama unalitaka panga siku nyingine uje na gari. Nimeona watu wameoga maji moto saa tisa wakatoka wamelegea kama mchicha alafu wanakumbuka wana baiskeli.

Kurudi basi. Geuza saa nane, saa nane na nusu ikizidi sana. Kula kitu kidogo dakika ishirini kabla, si wali, karanga ama ndizi (ukiwa umejificha). Fungua ile lita yako. Weka gia nyepesi mapema kabla miguu haijaomba, kaa kitako, kanyaga mduara mdogo wa haraka badala ya kusimama na kusukumiza. Upepo mara nyingi unaamka mchana, ukija usoni inama, mkiwa wengi panganeni mstari mmoja na mbadilishane wa mbele. Kivuli ni kidogo sana kwa hivyo ukikipata kitumie, usiseme nitapumzika mbele. Na kama unasukuma, sukuma bila aibu, kwa mchanga mzito kusukuma ni haraka kuliko kujitesa.

Kwa wanaokaa siku mbili, kesho yake ni Longonot, miguu tu. Mita 2776, ukingo wa shimo la volkano kuuzunguka ni kilomita 7.2 mbali na kule kupanda mpaka ukingoni, njia ni majivu yanayoteleza, na hakuna kivuli wala maji. Usiifanye siku moja na Hell's Gate hata kama programu ya simu imekwambia zinawezekana. Kama miguu imekataa kabisa chukua boti mwende Crescent Island, unatembea katikati ya twiga kwenye nyasi tambarare, hata mama mkwe anaweza.

Ziwani kwenyewe, kiboko. Usiku wanatoka kula nyasi na sehemu nyingi za kulala zina waya wa stima kwa sababu hio, usiuvuke, na alfajiri usiende kupiga picha ukingoni ukajikuta umesimama kati yake na maji. Na baiskeli kwenye South Lake Road gizani hapana, ile barabara ni ya malori na mabasi ya mashamba ya maua, bega la barabara ni jembamba na hawakuoni.

Ah, na hii. Wenye baiskeli wengi wanashika kitambulisho chako kama dhamana. Ukirudisha baiskeli umechoka, unawaza soda baridi, unaona matatu ina nafasi moja unairukia. Mimi nilikumbuka changu nikiwa Naivasha town nikitafuta gari ya Nairobi, saa moja usiku, na matatu ya kurudi junction nilisimama njia nzima kwa hii miguu.